Zege la Miaka ya Uhuru: Libomolewe au Lihifadhiwe?

Msafiri anayeingia Mwanza kwa njia ya ziwa hupokewa kwanza na mawe. Jiwe la Bismarck husimama majini kama mlinzi, na nyuma yake vilima vya matale huinuka vikiwa vimebeba nyumba katika migongo yao. Akiinua macho zaidi huliona jengo refu la Hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, likitazama mji na ghuba. Majabali hayo ni ya umri wa mabilioni ya miaka, na hakuna anayeuliza kama yabomolewe. Jengo la zege lina umri wa mtu mzima tu. Lakini ni majengo ya rika lake, yaliyosimamishwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, ambayo leo yanaulizwa swali zito katika miji mingi ya Afrika Mashariki: je, yabomolewe na kupisha mapya, au yahifadhiwe?

Swali hilo kwa kawaida hujadiliwa kwa hisia. Upande mmoja husema kwamba majengo hayo ni makuukuu, yamechakaa na hayana sura. Upande wa pili husema kwamba ni urithi wa taifa. Kila upande una sehemu ya haki, lakini ziko pia hoja zinazoweza kupimwa kwa rula, kwa kipimajoto na kwa dawa ya maabara. Makala haya yanaeleza hoja hizo, kwa kutumia zaidi mifano ya Mwanza na pwani ya Ziwa Victoria.

Jinsi majengo hayo yalivyokuja

Mwanza ilianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892. Reli iliufikia mji huo mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikaufanya kuwa mji wa biashara. Mwaka 1955 wakulima wa pamba, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na fedha za pamba zikaanza kujenga viwanda vya kuchambulia, maghala na ofisi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha nguo cha Mwatex kilianza kazi. Mwaka 1971 Hospitali ya Bugando, iliyojengwa kwa juhudi za Kanisa Katoliki, ilifunguliwa. Mwaka uliofuata ikataifishwa, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Kanisa kwa makubaliano na serikali.

Majengo ya kipindi hicho yalikuwa na sura ya ukoo mmoja, yawe Mwanza, Dar es Salaam, Kampala au Kisumu. Yalikuwa na nguzo na mihimili ya zege inayoonekana wazi, kuta zisizo na nakshi, madirisha yaliyopangwa katika safu ndefu, mabapa ya zege yanayotokeza juu ya madirisha, na kuta za matofali yenye matundu. Mtindo huu, unaoitwa usanifu wa mamboleo, ulizaliwa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ulipofika katika nchi za joto ulilazimika kujifunza adabu za huko. Mwaka 1956 wasanifu wawili wa Kiingereza, Maxwell Fry na Jane Drew, walitoa kitabu kizima kuhusu ujenzi katika nchi za joto lenye unyevu, na katika Afrika Mashariki wasanifu kama Ernst May, Mjerumani aliyeishi Tanganyika na kisha Kenya, na Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam, walikuwa wakitafuta majibu yao wenyewe.

Kwa mataifa mapya, mtindo huu ulikuwa pia na maana ya kisiasa. Haukufanana na boma la mkoloni. Shule, maktaba, hospitali, soko na ukumbi wa chuo kikuu vilijengwa kwa lugha ile ile ya zege, kana kwamba vinasema kwamba huduma hizi sasa ni za wote. Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichorwa hata katika noti ya shilingi 500.

Kisha kukaja jambo jingine lililoathiri hatima ya majengo mengi ya katikati ya miji. Kwa sheria ya mwaka 1971 serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Katika Mwanza, kama kwingineko, majumba mengi ya ghorofa yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kiasia yalipata mwenye mali mpya aliye mbali na kila jengo moja moja. Jengo lisilo na mtu anayepanda juu ya paa lake kila mwaka kuzibua mfereji huanza kuugua polepole.

Hesabu ya jua

Watu wengi huyadhani mabapa ya zege juu ya madirisha kuwa ni mapambo. Kwa kweli ni chombo, na ukubwa wake hutokana na hesabu.

Mwanza ipo nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua la mchana hupita moja kwa moja utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Mwezi Juni huelekea kaskazini, lakini halipiti nyuzi 26 kutoka utosini; mwezi Desemba huelekea kusini, kwa nyuzi 21 tu. Maana yake ni kwamba jua la mchana daima huwa juu sana, na kivuli chake ni rahisi kukipata. Dirisha la upande wa kaskazini lenye kimo cha mita 1.2 huweza kufunikwa kivuli chote wakati wa adhuhuri, hata mwezi Juni, kwa bapa linalotokeza sentimita 60 tu. Upande wa kusini sentimita 46 zatosha.

Mambo hubadilika kabisa katika kuta za mashariki na magharibi. Saa 11 jioni, mwezi Machi, jua la Mwanza huwa chini ya nyuzi 30 juu ya upeo. Ili kulikinga dirisha lile lile kwa bapa la juu, bapa lingepaswa kutokeza zaidi ya mita 2. Hilo haliwezekani. Ndiyo sababu wasanifu wa kipindi kile walipendelea jengo jembamba na refu, lililolazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, likiwa na madirisha kaskazini na kusini, huku ncha zake mbili zikiwa kuta tupu. Jirani anayelitazama jengo kwa ubavuni huona ukuta usio na dirisha na kusema kwamba mjenzi alikosa ubunifu. Mjenzi alikuwa akilikimbia jua la jioni.

Wembamba wa jengo ulikuwa na kazi ya pili. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani huingia kuchukua nafasi. Usiku mwendo hugeuka. Chumba chenye madirisha pande mbili, au dirisha upande mmoja na ukuta wa matundu upande wa pili, huupitisha upepo huo bila kutumia umeme wowote.

Faida yake si starehe tu. Utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za jiji la Lima, nchini Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulipima hewa inayoingia na kutoka katika wodi. Wodi za zamani zenye dari za juu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa zilipitisha hewa kwa wingi kuliko vyumba vipya vilivyotegemea mashine, na hesabu za watafiti zilionyesha kwamba hatari ya kuambukizwa kifua kikuu ilikuwa ndogo zaidi humo. Anayeziba matundu ya ukuta wa zamani kwa vioo na kutundika viyoyozi hana budi kulifahamu jambo hilo kabla ya kuita kazi yake maendeleo.

Zege nalo huzeeka

Hata hivyo, heshima kwa hesabu ya jua haizuii nondo kupata kutu. Wanaotaka majengo haya yabomolewe husema kwamba zege lake limeoza. Neno hilo si sahihi, lakini nyuma yake kuna ukweli.

Zege peke yake huvumilia mno kugandamizwa, lakini hukatika upesi likivutwa. Nondo za chuma huwekwa ndani ili zibebe mvuto. Chuma kikiachwa katika hewa yenye unyevu hupata kutu. Ndani ya zege hakipati, kwa sababu saruji iliyoganda ina chokaa nyingi na kipimo chake cha pH huzidi 12. Katika hali hiyo ya alkali kali, nondo hujivika utando mwembamba sana unaoikinga.

Adui wa utando huo ni hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, iliyomo katika hewa ya kawaida. Hupenya taratibu katika vitundu vidogo vya zege, hukutana na chokaa na kuigeuza kuwa jiwe la chokaa. Zege halidhoofiki kwa mageuzi hayo, ila pH yake hushuka chini ya 9, na nondo hubaki bila kinga. Maji na hewa vikifika, kutu huanza. Kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya ile ya chuma kilicholiwa. Kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani, ufa huonekana ukifuata mstari wa nondo, na mwishowe kipande huanguka.

Kina ambacho hewa ya ukaa hufikia hufuata kanuni rahisi: hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha miaka. Chukua mfano wa zege la ubora wa wastani ambalo kwa mwaka wa kwanza hupenywa milimita 4. Baada ya miaka 25 kina kitakuwa milimita 20, na baada ya miaka 49 kitakuwa milimita 28. Kama fundi aliizika nondo milimita 25 ndani, kinga itakwisha baada ya miaka kama 39: jengo la mwaka 1971 lingefikia hapo mwaka 2010. Kama aliizika milimita 40, kinga ingedumu miaka 100. Tofauti ya milimita 15, ambayo ni unene wa kidole tu, ndiyo tofauti kati ya jengo lililokuwa salama kwa kizazi kimoja na jengo salama kwa vizazi vitatu au vinne.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Hewa ya ukaa hupenya vizuri zaidi zege likiwa na unyevu wa kadiri. Likiwa limelowa kabisa vitundu hujaa maji na njia hufungwa. Kutu, kinyume chake, huhitaji maji. Mahali penye kiangazi na masika yanayopokezana pana hatari ya pande zote mbili: kiangazi hufungua mlango, na masika huingiza mgeni. Ndiyo sababu paa bapa lenye mfereji ulioziba ni hatari kuliko ukuta uliochakaa rangi.

Lakini Mwanza ina bahati moja ambayo Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hazina. Ziwa Victoria ni la maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Katika mwambao wa Bahari ya Hindi upepo huleta chumvi, na kloridi yake huutoboa utando wa nondo hata kabla hewa ya ukaa haijafika. Zege la pwani ya ziwa halipigwi na adui huyo. Kwa hiyo mhandisi hawezi kuchukua uamuzi uliotolewa kuhusu jengo la Dar es Salaam na kuupeleka Mwanza bila kupima upya.

Ziwa lina tabia nyingine ya kuangaliwa. Kati ya mwaka 1961 na 1964, yaani katika miaka ile ile ya uhuru, mvua kubwa zililipandisha kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 maji yalifikia tena kiwango cha 1964, na mwaka 2024 yakakipita. Jengo la ufukweni ambalo msingi wake hulowa na kukauka lina shauri lake tofauti na lile la kilimani lililokaa juu ya jabali. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambamo shughuli za kudumu za binadamu zimezuiwa. Anayebomoa la zamani ndani ya ukanda huo huenda asiruhusiwe kujenga jipya.

Hoja za wanaotaka kubomoa

Hoja za upande huu hazifai kudharauliwa. Ya kwanza ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Mwanza na wakazi wapatao 35,000. Sensa ya mwaka 2022 ilizikuta wilaya zake mbili, Nyamagana na Ilemela, na zaidi ya watu milioni 1. Jengo la ghorofa mbili lililo katikati ya mji hukalia ardhi inayoweza kubeba ghorofa kumi.

Ya pili ni matumizi. Jengo la zamani mara nyingi halina lifti, halina njia ya kiti cha magurudumu, nyaya zake za umeme ni za mzigo wa taa na redio, na mabomba yake yamezibwa na kutu. Ya tatu ni usalama. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kuangusha maelfu ya nyumba. Shule ya Sekondari ya Ihungo karibu na Bukoba iliharibika kiasi kwamba ilibidi ijengwe upya. Hakuna kumbukumbu yenye thamani ya kumlaza mwanafunzi chini ya ukuta usiotegemewa.

Hata hivyo hoja ya usalama hukata pande mbili. Ghorofa lililoporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30, lilikuwa bado linajengwa. Kwa hiyo upya si hati ya usalama, na ukuukuu si hati ya hatari. Hati ni kipimo.

Hoja za wanaotaka kuhifadhi

Upande wa pili huanza na kumbukumbu. Mji usio na jengo lolote la kizazi kilichopita hufanana na mtu asiye na picha ya wazazi wake. Lakini ziko pia hoja za hesabu.

Fikiria jengo la ofisi lenye ghorofa 6, urefu wa mita 50 na upana wa mita 20. Ikiwa kila mita ya mraba ya sakafu hubeba, pamoja na nguzo na mihimili, mita za ujazo 0.35 za zege, jengo zima lina mita za ujazo 2,100. Uzito wake ni kama tani 5,000, nazo zina saruji ipatayo tani 700. Kulibomoa ni kuzalisha kifusi cha safari 500 za lori la tani 10, na kifusi hicho lazima kipate pa kutupwa katika mji wenye mabonde membamba yanayoelekea ziwani. Kujenga jingine la ukubwa huo ni kuleta saruji nyingine tani 700, kwa umbali. Tena kila tani ya saruji ya kawaida huambatana na zaidi ya nusu tani ya hewa ya ukaa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo haitoki katika moto wa tanuru bali katika jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Mifupa ya jengo la zamani ni akiba ambayo gharama yake imekwisha kulipwa.

Hoja nyingine ni elimu. Mwanafunzi wa usanifu anayetaka kujua jinsi ya kujenga bila kiyoyozi chini ya jua la Ikweta anaweza kusoma katika vitabu, lakini pia anaweza kuingia katika jengo la miaka ya 1960 saa 8 mchana akiwa na kipimajoto. Jengo likibomolewa, somo hilo hufungwa.

Mashauri yaliyokwisha kuamuliwa

Mifano mitatu ya Afrika Mashariki yaonyesha jinsi mjadala huu unavyokwenda.

Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, lilichorwa na Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954. Vyumba vyake hupata mwanga na hewa kwa matundu yaliyopangwa juu ya kuta, ili vitu vya kale visipigwe na jua moja kwa moja. Karibu na mwaka 2011 serikali ilitangaza mpango wa kujenga mahali hapo jengo la biashara la ghorofa 60. Watetezi wa majengo ya kihistoria walikwenda mahakamani. Mpango haukutekelezwa, na jumba lingali limesimama.

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini: kila mwavuli huunasa mvua na kuipeleka chini kupitia nguzo yake, wakati hewa ya moto hutoka katika nafasi zilizo kati ya miavuli. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Wengi walidhani kwamba mwisho wake umefika. Lakini moto nao huacha maandishi kwa anayejua kuyasoma. Zege lenye mchanga na kokoto za kawaida likipata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi huanza kugeuka rangi ya waridi, na hadi hapo nguvu zake nyingi zingalipo. Likifika nyuzi 600 huwa limepoteza kiasi cha nusu ya nguvu zake au zaidi. Uchunguzi huweza basi kutenga kipande kilichokufa na kilicho hai. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa kulikarabati soko la zamani na kujenga jengo jipya la ghorofa pembeni yake: la kale likabaki, na nafasi ikaongezeka.

Mfano wa tatu upo ng'ambo ya ziwa. Kanisa Kuu la Bukoba lilijengwa kwa zege katika zama za Kardinali Laurean Rugambwa. Alipofariki Desemba 1997 kanisa hilo lilikuwa katika matengenezo, naye akazikwa kwa muda Kashozi. Mwili wake ulihamishiwa katika Kanisa Kuu mwaka 2012, matengenezo yalipokamilika. Mfano huu wafundisha subira, na wafundisha pia gharama ya kuhifadhi: kuliponya jengo la zege kwaweza kuchukua muda mrefu kuliko kulijenga.

Pengo la sheria

Tanzania inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kwa sheria hiyo, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 hulindwa moja kwa moja kama kumbukumbu ya kale. Jengo la baadaye huhitaji tangazo maalumu la Waziri. Sheria ilipotungwa, mwaka 1863 ulikuwa umbali wa karne moja, na kipimo hicho kilionekana cha haki. Lakini mstari haukusogea pamoja na wakati. Kwa kuwa mji wa Mwanza ulianza mwaka 1892, hakuna jengo hata moja la mji huo linalolindwa kwa umri wake peke yake, liwe la Mjerumani au la miaka ya uhuru.

Kwingineko mawazo yamekwisha kubadilika. Mwaka 1988 ilianzishwa nchini Uholanzi jumuiya ya kimataifa ya kuhifadhi usanifu wa mamboleo, na mwaka 2017 mji wa Asmara, Eritrea, uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya majengo yake ya mtindo huo.

Kupima kabla ya kuhukumu

Daktari hakati mguu kabla ya kuutazama. Jengo nalo lastahili uchunguzi kabla ya hukumu, na uchunguzi wenyewe si wa gharama ya kutisha ukilinganishwa na thamani ya kinachoamuliwa.

Hatua ya kwanza ni macho: kuchora ramani ya nyufa, madoa ya kutu na mahali paa linapovuja. Ya pili ni nyundo ndogo inayogongwa juu ya zege. Mlio wa debe tupu huonyesha kipande kilichoachana na nondo. Ya tatu ni kutoboa tundu na kulinyunyizia dawa ya fenolithalini. Zege lenye alkali ya kutosha hugeuka zambarau. Lililokwisha kupenywa na hewa ya ukaa halibadiliki rangi, na kina chake hupimwa hapo hapo kwa rula. Ya nne ni kutafuta kwa chombo cha sumaku nondo zimezikwa kina gani. Ya tano ni kukata vipande vya mviringo kutoka katika nguzo na mihimili michache na kuvigandamiza maabara hadi vipasuke, ili nguvu halisi ijulikane.

Majibu yake huligawa shauri katika mafungu matatu. Jengo ambalo hewa ya ukaa haijafikia nondo zake huhitaji paa zima, mifereji safi na rangi, basi. Jengo ambalo nondo zake zimeanza kula kutu sehemu fulani huhitaji kuchongwa zege bovu, kusafishwa chuma na kufunikwa upya. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa, si ya lipu ya kuficha. Jengo ambalo nguvu zake zimeshuka chini ya mzigo unaolikalia lazima liondolewe watu mara moja, na hapo ndipo kubomoa huwa jibu la haki. Hata katika fungu hili la mwisho, michoro, vipimo na picha vichukuliwe kwanza, ili elimu isizikwe pamoja na kifusi.

Hospitali ya Bugando ingali ikihudumia wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, na jengo linalotumika kila siku huwa na mtetezi kila siku. Yaliyo hatarini zaidi ni yale madogo ya mitaani: duka la ghorofa moja lenye ukuta wa matundu, ofisi ya ushirika, shule yenye varanda ndefu. Hayana jina katika vitabu, na asubuhi moja mtu hupita na kukuta uzio wa mabati. Halmashauri ya mji ingeweza kuanza kwa jambo dogo: kuandika orodha ya majengo hayo mtaa kwa mtaa, na kutaka kila ombi la kibali cha kubomoa liambatane na majibu ya vipimo vilivyotajwa. Orodha haimzuii mtu kubomoa. Humlazimu tu kujua anabomoa nini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakisema juu ya udongo na miti, lakini hesabu ya milimita 25 yaonyesha kwamba zege nalo limo katika methali hiyo.